Chombo cha Mbali Kikianza Kusema Ovyo: Dalili na Visababishi vya Hitilafu katika Kompyuta za Zamani Angani

Kila baada ya muda inazuka habari kwamba Voyager 1 au Voyager 2, vyombo viwili vya anga vya NASA vilivyorushwa mwaka 1977, "imekufa". Wiki chache baadaye inakuja habari nyingine kwamba imefufuka. Anayefuatilia kwa mbali hubaki hajui nini kiliharibika wala nini kilitengenezwa. Mwongozo huu ni wa kumsaidia mtu huyo: ukiona dalili fulani, umshuku nani kwanza, na ujiridhishe vipi kabla hujahukumu.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuzifuatilia hitilafu hizi kwa muda mrefu. Kompyuta za vyombo hivi zinaharibika kama kompyuta nyingine yoyote. Zimefika miaka karibu 50 kwa sababu ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuzisoma zote, neno kwa neno, kutoka duniani, kisha akaandika upya sehemu iliyooza. Ukilishika hilo, dalili nyingi zitakufungukia zenyewe.

Kwanza, wajue waliomo ndani

Kila Voyager ina kompyuta za aina tatu, na kila aina ilipelekwa na mwenzake wa akiba. CCS ndiye msimamizi: hupokea amri kutoka duniani, hutunza ratiba, na ndimo zinamokaa programu za kukilinda chombo mambo yakiharibika. AACS hushika mwelekeo wa chombo ili antena isiipoteze dunia. FDS hukusanya vipimo vya vifaa vya sayansi na vya afya ya chombo, huvifunga katika mafungu na kuyakabidhi kwa transmita. Ukijumlisha kumbukumbu ya kompyuta zote sita, hufikishi hata kilobaiti 70. Picha moja ya simu isingeenea humo.

Kumbukumbu zenyewe ni za aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. CCS na AACS zina maneno 4,096 ya biti 18 kila moja (biti ni 0 au 1, na neno ni kundi la biti zinazosomwa pamoja), yaliyohifadhiwa kwenye waya zilizopakwa utando wa sumaku. Umeme ukikatika, kilichoandikwa kinabaki. FDS ina maneno 8,192 ya biti 16 katika chipu za CMOS, ambazo mwaka 1977 zilikuwa jambo geni kabisa kwenye vyombo vya anga. Zilichaguliwa kwa sababu ya kasi, lakini umeme ukikatika kila kitu kinafutika. Ndiyo maana waundaji waliipa FDS njia yake ya umeme kutoka kwenye jenereta za nyuklia. Kwa hiyo ukisikia "kumbukumbu imeharibika", uliza ni ya kompyuta ipi. Visa vyote vitatu vya kumbukumbu nitakavyovieleza hapa chini vilitokea kwenye FDS, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Jambo la mwisho kabla ya dalili ni umbali. Mwishoni mwa 2023 Voyager 1 ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Amri ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu likachukua muda uleule kurudi. Swali moja linakugharimu siku mbili. Fundi wa duniani anaweza kubonyeza hiki, akajaribu kile, akazima na kuwasha. Huku anayejaribu ovyo hupoteza wiki, na anaweza kukifunga chombo mlango asiweze kuufungua tena.

Dalili: kimya kabisa

Usianze na kompyuta. Anza na antena.

Tarehe 21 Julai 2023 Voyager 2 ilinyamaza baada ya kupokea amri zilizokuwa na kosa. Antena yake iligeuka digrii 2 tu kutoka duniani. Nyoosha mkono wako mbele, tazama upana wa kidole gumba: digrii 2 ni kama hizo. Lakini kwa transmita yenye nguvu ya wati zisizozidi 25 hivi, iliyo umbali wa saa 18 na nusu za mwanga, upana huo wa kidole unatosha kutenganisha mazungumzo na ukimya. Kompyuta zote zilikuwa nzima na zikiendelea na kazi, zikiongea na uwazi mtupu.

Kipimo cha kwanza hapo ni kutafuta wimbi la redio lenyewe, hata kama halibebi data inayosomeka. Tarehe 1 Agosti antena za dunia zikaliona hilo wimbi, dhaifu lakini lipo. Hilo peke yake liliondoa washukiwa wengi: umeme upo, transmita ipo hai, chombo hakijapinduka. Kisha kituo cha antena cha Canberra, Australia, ambacho ndicho pekee chenye antena inayoweza kuituma Voyager 2 amri kwa kuwa chombo kimeelekea kusini mwa anga, kikatuma amri kwa nguvu zake zote kikiiambia igeuke. Saa 37 za kusubiri, na tarehe 4 Agosti data zikarudi. Na hata amri ile isingefika, chombo kilikuwa na ratiba ya kujipanga upya chenyewe tarehe 15 Oktoba. Waliokiunda walijua kwamba siku moja binadamu atakosea.

Kisababishi cha pili cha kimya ni chombo kuhamia masafa mengine. Tarehe 16 Oktoba 2024 Voyager 1 iliamriwa iwashe hita mojawapo. Hesabu za umeme zilionyesha kwamba utatosha, lakini mfumo wa kujilinda ukashtuka, na siku mbili baadaye wimbi halikuonekana pale lilipotarajiwa. Lilipatikana saa chache baadaye, kwa kuwa chombo kilikuwa kimepunguza kasi ya kutuma data na wimbi likabadilika sura. Tarehe 19 likapotea kabisa. Timu ikahisi kwamba mfumo wa kujilinda umeizima transmita ya bendi ya X na kuiwasha ya bendi ya S, inayotumia umeme kidogo zaidi na ambayo haikuwa imetumika tangu 1981. Wakaelekeza masikio huko, na wakaipata. Fikiria: kifaa kilichokaa miaka 43 bila kuguswa kimewashwa na kompyuta, bila binadamu kuiambia, na kikafanya kazi.

Ukikutana na kimya, basi, fuata mpangilio huu: je, tunasikiliza pale pale chombo kilipo? Je, kimeelekea huku? Je, kinatangaza kwa masafa mengine? Maswali hayo matatu yakijibiwa "ndiyo, ndiyo, hapana" na bado kimya, ndipo uwe na wasiwasi.

Dalili: mawimbi yanafika, data hazina maana

Hapa ndipo kompyuta inapostahili kushukiwa, na kisa cha Voyager 1 cha 2023 na 2024 ndicho darasa lenyewe. Nitakaa nacho.

Tarehe 14 Novemba 2023 Voyager 1 iliacha kutuma data zinazosomeka. Wimbi lilikuwepo, imara. Juu yake kulikuwa na mfuatano uleule wa 0 na 1 unaojirudia, kama mtu aliyeganda katikati ya silabi. Zingatia tofauti hii, maana ndiyo utambuzi wenyewe. Transmita ikiharibika, wimbi hudhoofika au hupotea. Mwelekeo ukipotea, data hujaa makosa ya nasibu. Lakini ukipata mfuatano safi unaojirudia rudia, maana yake transmita inafanya kazi yake vizuri kabisa na inapewa takataka na yule anayetakiwa kuilisha. Anayeilisha ni FDS.

Hatua inayofuata ni kuuliza kama chombo bado kinasikia. Timu ya JPL, maabara ya NASA inayoviongoza vyombo hivi, ilijua kinasikia, kwa sababu amri zilizobadilisha hali ya transmita zilileta badiliko kwenye wimbi. Kwa hiyo msimamizi, CCS, yupo na ana akili timamu. Shida imebaki kwenye chumba kimoja: FDS au njia inayoiunganisha na transmita.

Kwenye kompyuta ya kawaida ungewasha ile ya akiba. Ya Voyager 1 ilishakufa mapema katika miaka ya 1980. Walichobaki nacho ni ile ile mgonjwa.

Tarehe 1 Machi 2024 wakatuma amri ya kuichokoza: wakaiambia FDS ijaribu kufuata njia tofauti ndani ya programu yake, wakitumaini kuiruka sehemu iliyooza. Tarehe 3 Machi wakaona kipande cha mawimbi kilichokuwa tofauti na mfuatano ule. Hakikuwa katika muundo wa kawaida wa data za FDS, na mwanzoni hakikueleweka. Mhandisi wa mtandao wa antena za anga za mbali akakifumbua. Ndani yake ilikuwamo kumbukumbu yote ya FDS, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Mtu aliyezoea kompyuta za leo huenda asione uzito wa jambo hilo. Kompyuta ya leo ina mabilioni ya maneno yanayobadilika kila nukta; ukimwagiwa kumbukumbu yake yote, utazama. Ya FDS ni maneno 8,192. Unaweza kuyaweka kando ya nakala ya zamani, ile iliyosomwa wakati chombo kikiwa kizima, na kulinganisha mstari kwa mstari. Hicho ndicho walichofanya. Wakakuta kwamba takriban asilimia 3 ya kumbukumbu imeharibika, na kwamba maneno yote mabovu yanakaa kwenye chipu moja. Ama chembe yenye nishati kubwa kutoka angani iliipiga, ama chipu ilichoka tu baada ya miaka 46.

Angalia kwa karibu jinsi kosa dogo linavyoangusha kila kitu. Chukua mfano wa neno linaloshika anwani ya hatua inayofuata, tuseme anwani ya 530. Kwa biti 16 linaandikwa hivi:

0000 0010 0001 0010

Sasa biti moja tu, ile yenye thamani ya 64, igande kwenye 1:

0000 0010 0101 0010

Hiyo ni 594. Programu ikifika hapo inaruka kwenda mahali pasipo pake, inakuta maneno ambayo si maagizo bali ni takwimu, inajaribu kuyatekeleza hivyo hivyo, na inaweza kuzunguka humo milele. Kwa mtu aliye duniani kinachoonekana ni mfuatano usio na mwisho wa alama zilezile.

Chipu haiwezi kubadilishwa. Tiba ni kuyahamisha yaliyokuwamo. Lakini hakukuwa na nafasi moja tupu yenye ukubwa wa kutosha, kwa hiyo ile sehemu ya programu ikakatwa vipande, kila kipande kikatafutiwa kona yake, na kila mahali palipokuwa pakisema "nenda kule" pakaandikwa upya ili paonyeshe anwani mpya. Walianza na kipande kinachofunga data za afya ya chombo, kwa sababu bila hizo huoni kama ulichofanya kimesaidia. Amri ikatumwa 18 Aprili. Tarehe 20 Aprili, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, Voyager 1 ikasema hali yake kwa lugha inayoeleweka. Vifaa viwili vya sayansi vikarudi Mei, na vyote vinne vilivyokuwa vimebaki vikawa kazini Juni.

Wapo wanaosema kwamba chombo kama hicho kingekuwa na kompyuta ya kisasa kisingesumbua. Sikubaliani nao. Transista za miaka ya 1970 ni kubwa kwa umbo. Chembe ya angani inahitaji kumwaga chaji nyingi zaidi ili kuigeuza biti moja. Transista za leo ni ndogo mno, na bila kinga maalumu chembe ileile ingegeuza biti nyingi kwa pigo moja. Na muhimu zaidi, ni nani angeweza kuisoma kumbukumbu yake nzima kupitia njia inayopitisha biti 160 kwa sekunde?

Dalili: picha zina mistari, au mpangilio wa data umebadilika ghafla

Huyu ni ndugu mdogo wa hitilafu iliyotangulia. Data zinasomeka kwa sehemu, lakini kuna kasoro inayojirudia kwa utaratibu.

Siku sita kabla ya Voyager 2 kuipita Uranus, Januari 1986, picha zilizobanwa, yaani zilizopunguzwa ukubwa wa data kabla ya kutumwa, zilianza kuja na mistari myeupe na myeusi. Wakati mbaya kuliko wote: sayari hiyo haikuwa imewahi kutembelewa na haijatembelewa tena hadi leo. Mtu angeweza kulaumu kamera. Lakini mistari ya kamera mbovu ingetokea katika picha zote. Hii ilitokea katika zile tu zilizobanwa na FDS. Wakasoma kumbukumbu, wakakuta neno moja lenye biti moja iliyogoma. Wakaandika programu upya ili ilikwepe neno hilo, na picha za Uranus tunazozijua zikapatikana.

Mwezi Aprili 2010, Voyager 2 hiyo hiyo ikaanza kutuma data za sayansi katika mpangilio usioeleweka huku data za afya zikiwa nzima. Ukiona mgawanyiko wa namna hiyo, aina moja ya data imeharibika na nyingine ni salama, jua kwamba njia ya pamoja haina tatizo na kosa liko katika kipande cha programu kinachohusika na aina ile moja. Biti moja ya FDS ilikuwa imegeuka kutoka 0 kuwa 1. Safari hii haikuwa imegoma. Iliamriwa irudi kuwa 0, ikarudi, na kabla Mei haijaisha kila kitu kilikuwa sawa.

Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo inayoamua tiba. Biti iliyogeuka unaiandika upya. Biti iliyogoma unaikwepa. Njia ya kujua ni kuiandika na kuisoma tena.

Dalili: chombo kinasema jambo lisilowezekana

Mei 2022 AACS ya Voyager 1 ilianza kuripoti hali ambazo haziwezi kuwa kweli. Ukiamini maneno yake, chombo kilikuwa kinaelekea kusikojulikana. Hata hivyo mawimbi yalikuwa yakifika kwa nguvu ileile, ambayo ingekuwa muhali kama antena ingekuwa imegeuka. Mwili ulikuwa mzima. Mjumbe ndiye aliyepotosha.

Ikabainika Agosti mwaka huo kwamba AACS ilikuwa imeanza kupitisha taarifa zake kwenye kompyuta iliyokuwa imeacha kufanya kazi miaka mingi kabla, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizivuruga. Waliiamuru irudie njia ya kompyuta sahihi na tatizo likaisha. Kanuni ninayoichukua hapa ni kulinganisha ripoti na ushahidi usiopitia kwa mtoa ripoti. Kama chombo kinasema kimegeuka na wimbi linasema hakijageuka, liamini wimbi.

Dalili: chombo kinatuma vizuri lakini hakitii amri

Kinachoshukiwa ni kipokezi. Voyager 2 ina ugonjwa huu tangu Aprili 1978, haujapona, na inaishi nao.

Duniani walichelewa kutuma amri yoyote kwa muda uliowekwa. CCS, ambayo imefundishwa kwamba ukimya mrefu maana yake ni kipokezi kibovu, ikahamia kile cha akiba. Kile cha akiba kilikuwa na kapasita iliyoharibika. Iliporejea kile kikuu, nacho kikaungua moja kwa moja muda mfupi baadaye. Tangu hapo chombo kinasikia kwa sikio moja lenye kasoro: kapasita ile ndiyo iliyokuwa ikikiwezesha kipokezi kufuata masafa yanapohama, na bila hiyo kinasikia ukanda mwembamba wa kama hezi 100 tu.

Ukanda huo nao hautulii. Joto la kipokezi likibadilika hata kwa sehemu ndogo ya digrii, unahama. Kwa hiyo kabla ya kila amri, wahandisi hukokotoa joto la chombo, hukokotoa jinsi mzunguko wa dunia unavyoyasogeza masafa, kisha huyasogeza mawimbi wakati wa kutuma ili yafike yakiwa pale pale penye sikio. Kama kuna kifaa kimezimwa au kuwashwa karibuni, husubiri joto litulie. Ukisoma kwamba Voyager 2 "haikujibu", angalia kwanza nini kilibadilisha joto lake siku zilizotangulia.

Dalili: vifaa vya sayansi vimezimika vyenyewe

Mara nyingi hii ni afya. Januari 2020 Voyager 2 ilichelewa kufanya mzunguko uliopangwa, na mifumo miwili inayokula umeme mwingi ikajikuta imewaka kwa pamoja. Programu ya kujilinda ikavizima vifaa vya sayansi ili kuokoa chombo. Hakuna kilichoharibika; ilibidi kuzima mfumo mmoja na kuviwasha vifaa tena kwa zamu.

Dalili: chombo kinayumba, au kinatumia injini zake ndogo kupita kiasi

AACS ndiyo inayoamuru injini hizi, kwa hiyo nayo hulaumiwa. Lakini chunguza mabomba kwanza. Mpira ulio ndani ya tangi la mafuta unazeeka na kutoa silika, ambayo huziba mirija. Kwenye Voyager 1, mrija uliokuwa na upana wa milimita 0.25 ulifikia kubaki na 0.035. Tiba imekuwa kuhama kutoka kundi moja la injini kwenda jingine. Novemba 2017 waliwasha zilizokuwa hazijatumika tangu 1980, na zikaitika mara ya kwanza.

Kisa cha Machi 2025 kinanigusa zaidi. Injini kuu za kukizungusha Voyager 1 zilihesabiwa zimekufa tangu 2004, hita zao zilipokosa umeme. Miaka 21 baadaye mtu akauliza tena: na kama hita hazikuharibika, bali swichi yake tu ndiyo imekaa upande usio wake? Jaribio lilikuwa la hatari, kwa maana injini zikifyatuka kabla hita hazijawaka pangeweza kutokea mlipuko mdogo. Wakatuma amri, wakangoja karibu siku mbili. Joto likapanda. Kwa hiyo kwenye orodha yako ya vilivyokufa, andika pia ni nani alithibitisha kifo na kwa kipimo gani.

Dalili: kinasa tepu kimegoma

Kisa hiki si cha Voyager. Galileo, chombo kilichokuwa kikiichunguza Jupiter, baada ya kupita karibu na mwezi Amalthea wa Jupiter tarehe 5 Novemba 2002, haikuweza kuicheza tepu yake. Tepu haikukatika na mota haikuungua. Taa ndogo za LED zinazohisi mzunguko wa mota ndizo zilizodhurika na mionzi, hata zikawa hafifu mno. Wahandisi wakapitisha umeme katika taa hizo kwa saa nyingi mfululizo, fuwele zikajirekebisha kidogo kidogo, mota ikaanza kutembea kwa muda mrefu zaidi kila mara, na data zikaokolewa.

Hali isiyo hitilafu

Baki na jambo moja ambalo halitengenezeki. Jenereta tatu za plutoniamu 238 za kila Voyager zilitoa wati 470 hivi mwaka 1977, na hupoteza takriban wati 4 kila mwaka. Pioneer 10, chombo kingine cha mbali kilichotumia jenereta za namna hiyo, iliyorushwa tarehe 2 Machi 1972 na kusikika mara ya mwisho 23 Januari 2003, ilimalizwa na kupungua huku kwa umeme. Kwenye Voyager kinachozimwa kinazimwa kwa makusudi: kipimo cha plazima cha Voyager 2 Septemba 2024, kipimo cha miale ya kosmiki cha Voyager 1 Februari 2025, na cha chembe zenye chaji cha Voyager 2 mwezi uliofuata.

Kila kinapozimwa kimoja, pembe ile ya chombo inapoa, na vipande vya zamani vilivyo jirani vinaingia katika baridi ambayo havikuwahi kupimwa nayo. Kwa hiyo dalili mpya ikitokea, kabla ya kufungua ramani ya kumbukumbu, weka tarehe yake kando ya tarehe ya mwisho ya kuzima kitu, na utazame ni nini kilichokuwa kikipata joto kutoka hapo.